Ngazi ya Arobaini na Mbili

Siku simu ya marehemu mke wangu ilipolia, nilikuwa kibandani na ufunguo wa mteja mdomoni. Nusura niumeze. Simu ile ilikuwa haijawashwa tangu tulipomzika, miezi saba. Asubuhi hiyo niliichomeka kwenye chaji kwa shida moja tu: mchonga mawe alitaka tarehe ya kuzaliwa ya uhakika ya kuandika kwenye jiwe la kaburi, na mke wangu alikuwa amekipiga picha kitambulisho chake akaihifadhi humo.

Laini yake haikufa kwa sababu nilikuwa naitia salio kila mwezi. Watu wa kampuni za simu siwaamini. Ukikaa kimya kidogo, namba ya marehemu wanamgawia mtu mwingine, na siku moja unaipiga kwa kujisahau, anapokea mwanamume.

Basi ikalia, ting. Nikatema ufunguo, nikasoma juu ya kioo.

Kinyonga amekutumia roho.

Kabla sijaelewa ikalia tena. Kinyonga amekutumia roho. Ikaendelea hivyo mpaka kioo kikajaa, mstari juu ya mstari, Kinyonga, Kinyonga, roho, roho. Wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ileile.

Mimi ni fundi wa kufuli na funguo, mwaka wa thelathini na moja huu. Shule niliachia darasa la nne, lakini kazi hii inasomesha. Mtu anayeleta ufunguo wa nyumba yake anautupa mezani. Anayeleta wa nyumba ya mwenzake anaushika kwa vidole viwili, halafu anakueleza habari ambayo hukumwuliza. Kwa hiyo mtu akimtumia mke wangu roho kila siku, tena mke aliye kaburini, mimi sihitaji kuambiwa kwamba hapo pana mlango wa nyuma.

Simu ilikuwa na fumbo la kuifungua, lile la kuchora kwa kidole. Mwingine angeipeleka kwa mafundi simu. Mimi niliiinamisha kwenye jua. Kioo kilikuwa bado na mstari wa mafuta ya kidole chake: unashuka, unakata kushoto, unapanda kwa mshazari. Nikaufuata kwa kidole changu, ikafunguka. Nikajisifu, nikaipangusa simu kwa pindo la shati ili nione vizuri. Hilo la kupangusa nitalirudia.

Niligusa jina la Kinyonga, yakaja maongezi ya miaka. Pembeni palikuwa na vikatuni vya nyuki, nikadhani ni matangazo. Jina la mke wangu humo halikuwa jina lake. Alijiita Mke wa Kufuli.

Kinyonga aliandika: "Nimebakiwa na roho moja. Nitumie."

Mke wa Kufuli akajibu: "Ngoja mzee atoke. Yupo hapa anapiga tupa ufunguo na kuwalaani wakubwa."

Nikakaa chini. Kumbe mimi ndiye Kufuli.

"Leo tukutane ngazi ya arobaini na mbili," aliandika Kinyonga siku nyingine. "Tukipita pale hakuna wa kutuzuia."

"Pale mlango mgumu. Njoo na roho za kutosha."

"Zote nakupa wewe, unajua."

"Najua. Ila mzee asijue. Akijua tu, nimekwisha."

Mteja wa ufunguo alirudi akanikuta nimekodoa macho. "Fundi, tayari?" Nikamwambia arudi kesho. Akasema mlango wake umefungwa na watoto wako nje. Nikamchongea, meno yakatoka yamepinda, nikachonga tena.

Nilifunga kibanda, nikaenda moja kwa moja kwa mchonga mawe. Huyu ni rafiki yangu wa siku nyingi, mtu wa vumbi tupu, hata akicheka anatoa vumbi. Maneno ya jiwe nilikuwa nimempa wiki nzima nyuma: jina, nafasi ya tarehe, na chini yake "Mke mwaminifu".

"Simamisha," nikamwambia.

"Nisimamishe nini? Tarehe umeleta?"

"Simamisha hilo neno la mwisho."

Akaweka patasi chini, akasogea pembeni nione. Alikuwa amefika MKE MWA.

"Jiwe si daftari, ndugu yangu," akasema. "Hapa hakuna kufuta. Sema unataka neno gani, ila lianze na MWA. Kuna mwanana. Mwanana ni zuri."

"Sijui kama alikuwa mwanana."

"Mwalimu hakuwa?"

"Alikuwa anapiga deki maofisini."

"Basi tutangoja," akasema, akalifunika jiwe kwa gunia. "Lakini usikae sana. Jiwe lililoachwa katikati linapoteza wateja. Mtu akipita anadhani mchongaji ndiye amekufa."

Hakuniuliza kuna nini, na mimi sikumwambia. Mtu unamwambiaje mwenzako kwamba umechelewa kumjua mkeo, tena umechelewa mpaka amezikwa?

Nieleze kitu hapa, msije mkaniona mwepesi wa kudhani. Katika maisha yangu wakubwa wamenifanyia mawili. La kwanza, miaka tisa iliyopita, walitutoa kwenye lango la soko kwa barua ya mistari mitatu, vibanda kumi na saba, eti tunaziba njia. Njia yenyewe mpaka leo imezibwa na gari la bosi wao. Barua ile iliandikwa kwa mashine na mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, aliyekuwa karani ofisini kwao. Nilimwambia mke wangu siku hiyohiyo: mdogo wako asikanyage kwangu tena. Na hakukanyaga. Mazishini alisimama nyuma kabisa, sikumpa mkono.

La pili ni la hospitali. Mke wangu alipobanwa na kifua, mitungi ya hewa ilikuwepo, tena imejaa. Ilikuwa chumbani, chumba kimefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye kikao. Mimi nilikuwa getini. Mlinzi alikataa kunipitisha kwa sababu saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa haijafika. Baadaye nililiona kufuli la chumba kile. Ni lile la bei poa, la pini nne. Ningelifungua kwa waya wa mwavuli kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Hilo nalala nalo na kuamka nalo. Sasa hebu niambie, mtu niliyemlilia hivyo, awe na Kinyonga wake?

Kesho yake nikaenda kuhesabu ngazi.

Jengo alilokuwa anapiga deki nalijua, nusu ya vitasa vyake nimefunga mimi. Lifti ilikufa zamani. Wakubwa wenyewe wanakaa chini, ndiyo maana haijafufuliwa. Ngazi zinapanda kumi na nne, kibaraza, kumi na nne, kibaraza. Nikahesabu kwa sauti ya chini, mkono kwenye chuma. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Nikainua macho: kibaraza cha tatu, mlango mmoja wa kijani, kibao kimeandikwa MSIMAMIZI WA USAFI.

Mlango ule naufahamu. Mvua ikinyesha unavimba, haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Niliwahi kuitwa kuupiga randa. Pale mlango mgumu, alisema mke wangu. Na msimamizi ndiye mkubwa wake, mwenye kumpangia zamu. Kila kitu kilikaa mahali pake kama pini kwenye kufuli.

Nikausukuma kwa bega.

Msimamizi alikuwa anakula andazi juu ya fomu za kazi. Mtu mfupi, tai imefika kitovuni.

"Wewe ndiye Kinyonga?" nikamwuliza.

Akatafuna, akameza. "Mzee wangu, wafanyakazi wameniita mengi humu. Hilo ni jipya."

"Ulikuwa unampa mke wangu roho."

"Mke wako nani?"

Nikamtaja. Uso ukambadilika, akaliweka andazi chini. "Poleni sana. Yule mama alikuwa mtu wa kazi. Mimi nilimpa zamu ya asubuhi na barua mbili za onyo kwa kuchezea simu. Roho sikumpa. Hapa hata sabuni hatuna za kutosha."

"Mlikuwa mnakutana ngazi ya arobaini na mbili."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe kaandika."

Sauti zetu zilikuwa zimepanda, na dada wa mapokezi akaja mbio kutoka chini na kikombe mkononi. Alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akafanya kitu kilichoniudhi sana: akacheka. Akajaribu kujizuia, chai ikamwagikia vidole.

"Baba, samahani," akasema. "Ngazi ya arobaini na mbili? Ya nyuki?"

"Nyuki gani?"

"Mimi nimekwama ya thelathini, miezi minne sasa. Mama alikuwa amefika mbali. Njoo, baba, njoo nikuonyeshe. Bosi, maliza andazi lako."

Tulikaa kwenye ngazi, palepale kibarazani. Kumbe ndipo mke wangu alipokuwa anakaa saa ya mapumziko, mgongo ukutani, anacheka na kioo. Dada akatoa simu yake akanionyesha. Ni mchezo. Unapanga vyumba vya asali ili nyuki watoke ngomeni, na kila ngome inaitwa ngazi. Kila ngazi ina mlango, na ukikosea mlango unakula roho yako moja. Una roho tano kwa siku. Zikiisha, ama ungoje, ama rafiki akutumie.

"Kwa hiyo roho ni pumzi ya kuchezea," nikasema.

"Hiyohiyo. Tuna kundi letu humu la kupeana habari za michezo, linaitwa Wazembe wa Kioo. Mama ndiye alikuwa hakimu wetu. Mchezo mpya ukitoka hatuupakui mpaka aseme. Soma."

Nikasoma. Mke wangu nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi ndiye msemaji, nikirudi natema ya siku nzima na yeye anasema "pole" na "kula". Humu ndani alikuwa mtu mwingine.

"Ule wa shamba msiupakue," aliwaandikia. "Nimeshinda na dekio, nikalime tena kwenye simu? Na usipofungua kila baada ya saa mbili mahindi yanaoza. Hiyo si burudani, ni ajira isiyo na likizo."

"Wa magari ni mzuri, ila unaendesha dakika moja unatangaziwa dakika tatu. Nimeshajua sabuni zote za duniani."

"Wa vita watu wanatukanana sana. Kuna mmoja kaniita mbwa. Nikamwandikia, mimi ni mama mwenye dekio, futa kauli. Akafuta. Sasa kila siku ananiomba ushauri kuhusu mchumba wake. Mtandaoni kila mtu simba mpaka umwulize amekula."

Kisha nikafika kwenye hili.

"Kuna mchezo wa kufungua makufuli. Nyota mbili. Pini zimekaa kinyume, mume wangu akiuona atawashtaki. Mimi nimezoea fundi anayegusa kufuli mara moja huku anapiga miayo. Hao wengine watanidanganya nini?"

Nikalisoma mara tatu. Nikajifanya nafikicha jicho.

Lakini fundi ni fundi. Ufunguo ukiingia haimaanishi kwamba utazunguka. "Na Kinyonga?" nikamwuliza. "Yuko kundini kwenu?"

"Hayumo, baba. Huyo alikuwa wake peke yake. Tukimwuliza anasema, huyo hamumuwezi."

"Umeona."

"Nimeona nini? Mchezo huu, baba."

"Mchezo umekwisha kunionyesha. Mimi nauliza mtu. Asijue mzee, akijua nimekwisha. Hayo si maneno ya nyuki."

Alinionyesha tu pa kubonyeza: hapa unapokea, hapa unarudisha. "Ukimrudishia roho," akasema, "kwake itaandika kwamba Mke wa Kufuli amemtumia. Atashtuka. Hapo mwenyewe atajitokeza."

Huo ndio mtego niliokuwa nautaka. Nikarudi kibandani, nikaketi mgongo kwa barabara, nikabonyeza.

Haikupita hata muda wa kuchonga ufunguo mmoja.

"Wewe ni nani?" aliandika Kinyonga.

Kabla sijaipata herufi ya kwanza, akaongeza:

"Mwizi wewe. Weka hiyo simu chini. Mwenyewe amefariki."

Nikaandika kwa kidole kimoja, polepole: "Mwenyewe ni mimi."

"Mwenyewe ni dada yangu."

Nilikuwa bado naangalia neno hilo wakati simu ilipoanza kuita. Nikapokea. Upande wa pili nasikia pumzi tu, kila mmoja anamvizia mwenzake.

"Shemeji," sauti ikasema mwishowe. Miaka tisa sikuwa nimeitwa hivyo na sauti ile.

"Wewe ndiye Kinyonga."

"Dada ananiita hivyo tangu nina miaka minne, kwa mwendo wangu. Umekaa naye miaka ishirini na sita hukuwahi kusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Kinyonga amehama nyumba, Kinyonga ameugua jino. Nilidhani ni habari za kwenye redio.

"Mlikuwa mnanificha," nikasema.

"Ulisema nisikanyage kwako. Nilikanyaga?"

"Hukukanyaga."

"Basi. Tulikutana kwa nyuki. Na ile barua ya soko, shemeji, mimi niliiandika kwa mashine tu, sikuitunga. Ningekataa, angeiandika mwingine na mimi ningekuwa nje kama wewe. Dada alitaka kukwambia hivyo miaka tisa. Alisema kila akifungua mdomo, wewe umeshafunga."

Ningemjibu. Majibu ninayo siku zote. Lakini nilimwuliza lile lililokuwa linanikera tangu jana. "Kwa nini unamtumia marehemu roho?"

"Mchezo unanipa moja ya bure kila asubuhi ya kumpa mtu," akasema. "Sina mtu mwingine humo." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu: "Shemeji, umesoma ya mwisho? Ile yake ya mwisho, ya siku ile."

Sikuwa nimeisoma, zile za baadaye zilikuwa zimeifunika. Nikapandisha kwa kidole, nikapita Kinyonga wote wa miezi saba, mpaka nikaifikia. Ilikuwa imetumwa asubuhi, saa ambayo mimi nilikuwa getini nabishana na mlinzi.

"Nimeishiwa roho, mdogo wangu. Nitumie hata moja."

Chini yake Kinyonga alikuwa ametuma roho tatu, na kikatuni cha nyuki anayecheka. Hazikupokelewa.

"Nilijua anacheza," shemeji akasema. "Kila siku ndivyo tulivyokuwa tunaandikiana, maneno yaleyale. Sikujua kwamba yuko wodini, hakuna aliyeniambia. Angeniandikia neno lingine lolote ningekuja mbio. Mpaka leo sijui alikuwa anaomba ipi."

Mimi ni mtu wa kulaumu, nalijua hilo, na hapo palikuwa na mtu ameniletea lawama mwenyewe, ameiweka mezani. Na aliyekataa kumwambia kwamba dada yake amelazwa ni mimi. Mke wangu aliniomba kwa macho tukiwa mapokezi ya hospitali, nikajifanya nasoma fomu.

"Ungekuja ungefika wapi?" nikamwambia. "Geti lilikuwa limefungwa. Tungesimama wawili."

Alilia. Sikukata simu. Mteja alikuja, nikamwonyesha kwa mkono aketi.

Nilipomaliza nikaigeuza ile simu kwenye jua. Kioo kilikuwa kimejaa alama za vidole vyangu, vinene, vya grisi. Ule mstari wake mwembamba nilikuwa nimeupangusa kwa shati langu mwenyewe, siku ya kwanza tu, kwa haraka ya kumkamata. Hilo siwezi kuwatupia wakubwa.

Jioni kabla jua halijazama nikaenda kwa mchonga mawe. Gunia lilikuwa bado juu ya jiwe.

"Malizia," nikamwambia, nikampa na tarehe niliyoinakili kwenye picha ya kitambulisho.

"Mwanana?"

"Mwaminifu."

Akaniangalia. "Una hakika sasa? Maana nikishagonga M nyingine, hata uje na polisi."

"Nilimwambia asimwingize mtu nyumbani, na hakumwingiza. Chonga."

Akachukua patasi, akapuliza vumbi. "Na hapa chini nimeandika 'Jiwe hili limewekwa na mumewe'. Nimalizie nukta?"

"Usiweke nukta. Andika 'na Kinyonga'."

"Nani?"

"Kinyonga."

"Juu ya kaburi, ndugu yangu? Watu watauliza."

"Waache waulize," nikasema. "Anakuja kwangu Jumamosi. Akikataa mwenyewe, utaona pa kulifuta."

"Nimekwambia hapa hakuna kufuta."

"Nimesikia," nikasema, nikakaa juu ya tofali kumngoja aanze.